Mti Ulionyweshwa

Mbuzi aliyekula mti wa Muzna alikuwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu nililificha miaka ishirini na miwili, na safari hii sitaki kulizunguka. Alikuwa jike mweupe mwenye doa jeusi jichoni, sikio la kushoto limekatwa alama ya ukoo wetu, jina lake Fitina. Jina nilimpa mwenyewe. Ukimwita mnyama Fitina, usije ukajifanya kushangaa.

Muzna alikuwa binti wa kaka yangu Ghanim. Mama yake alikufa siku ya kumzaa. Tulimnywesha mama huyo utomvu mwekundu wa mti wa damu, ambao bibi zetu wote waliapa kwamba huzuia damu, na haukuzuia kitu. Mtoto akabaki. Akalelewa kwa maziwa ya mbuzi na mikono ya mama yetu, akacheka mapema, akaota meno mawili, na mwezi wake wa nane homa ikamchukua kati ya alfajiri na adhuhuri. Tulimzika juu kwenye uwanda wa Diksam, nyuma ya nyumba, pale ukungu unapopita kwanza ukipanda kutoka baharini.

Kaka hakulia. Alikwenda kwenye msitu wa miti mikubwa, akakaa huko siku nzima, akarudi jioni amebeba mche uliofungwa kwenye kilemba chake pamoja na udongo wake. Majani saba tu, membamba, magumu, chini mekundu kidogo. Akaupanda hatua tatu kutoka kaburini, akauzungushia ukuta wa mawe kwa mikono yake, na alipomaliza akaniita.

"Thani, huyu ni Muzna."

Nikamwambia, "Kaka, huu ni mti."

"Nimekwambia huyu ni Muzna. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Tangu siku hiyo yeye alisema *hajambo* na *amelala* na *ana kiu*, mimi nikasema *upo* na *umesimama*. Hatukugombana kwa hilo. Mtu aliyefiwa mwachie maneno yake.

Mti wa damu hauna haraka na mtu. Mwaka wa kwanza shibiri, mwaka wa tano shibiri, na mgeni akipita atasema umedumaa. Haujadumaa. Kazi yake iko chini, unatafuta njia ndani ya jiwe, ufa kwa ufa, kwa sababu kwetu udongo ni kidogo na mvua ni ya bahati nasibu. Majani yake huelekea juu kuukamata ukungu, tone linateleza kwenye jani, linashuka shinani, linaingia ufani, na mzizi unalifuata. Marehemu baba alitufundisha kwamba umri wake hauhesabiwi kwa unene. Unahesabu panda. Unasimama na shina moja miaka na miaka, siku unapotoa maua ya kwanza ndipo kichwa kinagawanyika, na kila maua mapya ni panda mpya. Panda ya kwanza, alisema, ni miaka arobaini ukibahatika.

Kaka alikuwa na thelathini wakati ule. Akasema, "Siku Muzna atakapofanya panda, nitarudi nikae naye. Kabla ya hapo hapa pananinyonga." Akapata chombo cha kwenda Imarati, ng'ambo ya bahari, kwa watu wetu walioko Ajmani. Asubuhi ya kuondoka tulisalimiana pua kwa pua, kama ndugu wanavyosalimiana kisiwani, akaikalisha pua yake kwenye yangu muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akautazama ule ukuta.

"Ongeza mstari mmoja wa mawe. Huyo Fitina wako anaruka."

"Kesho, kaka."

Kesho ilikuja ikapita, na nyingine, na nyingine. Mawe yalikuwa palepale, hata hayakutaka kubebwa mbali. Sina la kujitetea. Nilikuwa kijana, mke mpya ndani, nilikuwa mvivu. Siku ya thelathini na tano nilitoka asubuhi nikamkuta Fitina amesimama ndani ya ukuta, anatafuna, ananitazama kwa lile jicho la doa. Mdomo wake ulikuwa na wekundu. Chini hapakuwa na jani hata moja. Kilichobaki kilikuwa kipande cha shina kilichotafunwa, urefu wa kidole gumba, na siku ya tatu kikaoza.

Wasima, mke wangu, alitoka akaona. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na ulimi alikuwa nao tayari.

"Haya. Mwandikie."

"Nimwandikie nini?"

"Mwandikie kwamba ulisema kesho."

Sikuandika. Nilichukua kamba ya warina asali, nikateremka kwenye jabali lililo upande wa pili wa bonde, mahali mbuzi hafiki hata akiwa Fitina. Huko miche ilikuwepo. Nilikuta miwili ndani ya ufa mmoja, imebanana, sawasawa kwa kimo, mbegu mbili bila shaka za tunda moja. Nikaukamata wa kulia nikavuta. Hautoki. Juu ulikuwa shibiri, lakini chini nilichokoa kwa kisu hadi mkono ukaingia mpaka kiwikoni na mwisho wa mzizi sikuufikia. Ninaning'inia kwenye kamba, jua limeshanikalia kichwani. Nikaukata mzizi. Ulitoa damu yake kwenye vidole vyangu, nyekundu hasa, na nilipopanda juu kamba nzima ilikuwa na alama za mkono wangu.

Wafanyabiashara wa Kiarabu huuita utomvu ule damu ya ndugu wawili. Wana hadithi yao ya ndugu waliouana. Sikuifikiria siku ile. Siku ile nilifikiria tu kupanda kitu kabla ya kaka kupata mtu wa kumuuliza.

Nikaupanda mahali pa ule wa kwanza. Nikaongeza mistari mitatu ya mawe. Baada ya wiki ukaanza kulegea, majani yakainama, na nikajua ni kwa sababu ya mzizi nilioukata: umekatika na kinywa chake. Basi nikachukua birika la chai, nikajaza maji kisimani, nikaumiminia. Kesho yake ukasimama. Nikaumiminia tena.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ningeacha baada ya mwezi ningekuwa mtu mwingine leo. Sikuacha. Kila asubuhi baada ya sala, birika moja, palepale shinani. Wakati wa kiangazi mawili. Wakati wa ule upepo wa miezi mitatu unaoangusha hata mtu mzima, nilijifunga kilemba usoni nikaenda nikiwa nimeinama, birika kifuani. Ukungu ukija mzito, majani yanachuruzika yenyewe, mimi bado namimina. Niliogopa. Kwamba mmoja uliliwa niliweza kuishi nalo. Wa pili ukifa ningekosa pa kuweka uso.

Wasima, ambaye sasa alikuwa amemzaa Sanadi, mtoto wetu wa kwanza, alinicheka mpaka akachoka. "Baba Sanadi, mimi mkeo hujawahi kunitekea hata kikombe. Ningejua ningeota majani."

"Wewe una miguu."

"Na huo una mizizi. Au hauna?"

Alijua kila kitu na hakusema kwa mtu. Nashukuru, ingawa nadhani angesema ingekuwa heri.

Kaka alipata kazi Ajmani ya kutunza miti ya barabarani. Miti imepandwa kwenye mchanga mtupu, kila mmoja umewekewa mpira wa maji shinani, na kazi yake ilikuwa kutembea na mipira ile kutwa. Zamani zile alituma kanda. Tulikaa kuizunguka redio, mama yupo mbele, na sauti ya kaka inatoka na mikwaruzo. Salamu zake zilikuwa na mpangilio wake, hakuubadilisha kamwe: mama hajambo, Wasima hajambo, watoto hawajambo, mbuzi hawajambo, na mwisho kabisa, baada ya kunyamaza kidogo, "Na Muzna?" Hapo mama hulia. Mimi huangalia mikono yangu.

Kanda moja alisema, "Thani, nakuusia kitu. Huku miti yote inanyonyeshwa. Inanenepa, inapendeza, wenyewe wanaisifu. Ukikatika mpira siku tatu, imekufa. Ukivuma upepo, inalala. Nimeing'oa mingi, mizizi yake yote imejikunja juu, imekaa inasubiri kuletewa. Muzna usimpe maji hata tone. Mwache ajitafutie, ataumia lakini atasimama. Mwache."

Wasima aliizima redio akanitazama. Nikainuka nikaenda kujaza birika. Nilijiambia, yeye anasema vile kuhusu mti wenye mzizi mzima, hajui kwamba huu ni kiwete. Kiwete humwachi ajitafutie.

Mwaka wa sita mama alikufa. Kaka akaja kwa msiba, siku tisa tu. Kitu cha kwanza alichokifanya baada ya kaburi la mama ni kwenda ukutani, akaingia, akachuchumaa, akaugusa mti ule kwa pua. Mimi nimesimama nje. Miche hii yote ni sura moja. Akasema, "Amenenepa." Nikasema, "Mungu kapenda."

Watu walikuwa wengi. Tulichinja mbuzi saba, na mimi nikamwongeza Fitina wa nane. Alikuwa mzee sasa, Wasima akapinga, akasema utatutia aibu mbele ya wageni kwa nyama ya viatu. Nikamwambia niache. Nilitaka kumwona amekufa. Nilidhani akishakwisha yeye, na neno lenyewe limekwisha. Na ini lake nikampa kaka kwa mkono wangu, maana ini ni la mkubwa. Alilitafuna sana. Akacheka, mara ya kwanza tangu aje: "Huyu si yule Fitina? Mkorofi mpaka mdomoni!" Akala, akaramba vidole, akamshukuru Mungu.

Kisha akarudi Ajmani, na miaka ikaenda. Kanda zikaisha, simu zikaja. Ikabidi upande kilima kupata mtandao, na kila Ijumaa nilipanda. Wasima hajambo, watoto hawajambo, mbuzi hawajambo. Na Muzna? Hajambo, kaka. Hata mimi nilishaanza kusema *hajambo*. Mti ulikuwa mrefu kuliko mimi, shina laini, nene, kichwa cha majani kimejaa, unang'aa. Watu walikuwa wakipita wanausifu. Ule wa pili, niliouacha jabalini, siku moja moja niliuona kwa mbali nikitafuta mbuzi: mwembamba, umeinamia upande mmoja, nusu ya kimo cha ndugu yake. Nilikuwa nauonea huruma.

Mwaka wa ishirini na mbili, mwezi wa pili, ukatoa maua. Madogo, ya rangi ya maziwa yaliyokaa, na chini yake kichwa kikaanza kupasuka sehemu mbili. Panda. Nilipanda kilima mbio, mtu wa miaka arobaini na sita, nimeshika mbavu zangu kwa maumivu.

"Kaka, umefanya panda."

Nikadhani mtandao umekata.

"Mapema hivi?" akasema. "Baba alisema arobaini."

"Mungu kapenda."

"Thani." Sauti yake ilivunjika vipande. Alilia palepale, barabarani, na magari nayasikia yakimpita. Mzee wa miaka hamsini na miwili aliyeshindwa kulia juu ya kaburi. "Mwambie nakuja. Mwambie baba anakuja kukaa. Namalizia kazi za watu, mwezi wa kumi na moja niko nyumbani."

Kuanzia hapo nilikuwa nikihesabu siku kama mtoto anayesubiri Idi. Nilimtengenezea chumba. Niliweka jiwe bapa ndani ya ukuta, karibu na shina, la yeye kukalia. Nikajiambia, akikaa hapa asubuhi na chai yake, akiwa na furaha, basi uongo wangu umekuwa sadaka. Mtu hujifariji kwa mengi.

Mwezi wa kumi na moja ukaja na tufani. Kisiwa chetu tunajua upepo, upepo ni jamaa, lakini ule haukuwa upepo. Tuliingia pangoni na mbuzi na magodoro, siku mbili, mvua inaingia kwa ubavu. Tulipotoka nilikwenda ukutani kabla hata ya kutazama paa. Mti ulikuwa umeinama, upande mmoja wa udongo umeinuka, lakini bado uko hai. Nikaufunga kamba nne kwenye mawe. Nikaujazia mawe shinani, Wasima akinisaidia, mikono yetu inatoka damu. Baada ya siku chache ikaja tufani ya pili. Nani amewahi kusikia mbili kwa wiki moja? Tuliporudi kutoka pangoni mara hii, kamba zote nne zilikuwa zima, hazikukatika. Mti wenyewe ndio uliotoka, umelala chali juu ya ukuta niliouongeza, kichwa chake chenye panda kiko upande wa kaburi.

Mizizi yote ilikuwa juu. Hakuna hata mmoja ulioingia kwenye jiwe. Ilijizungusha pale nilipokuwa namiminia birika, duru juu ya duru, kama kikapu, upana wa sinia la wali. Nikakaa chini nikaishika. Nilikuwa nikiisikia sauti ya kaka kwenye kanda.

Wasima akasema taratibu, "Hata miti mikongwe imelala, Baba Sanadi. Msitu mzima umelala. Hakuna atakayekuuliza."

Alikuwa na haki. Miti ya miaka mia tano ilikuwa imelala kote uwandani, watu wazima wanaitembelea wanalia. Tufani iliniletea uongo uliokwisha kupikwa, kazi yangu ilikuwa kuula tu.

Kaka akafika siku ya kumi, na ndege iliyoleta mahema na unga. Mwembamba, ndevu nyeupe, begi moja. Tulisalimiana pua kwa pua mbele ya nyumba, na akaniuliza yote kwa mpangilio wake, na alipofika mwisho hakuuliza. Aliona usoni mwangu.

Tukaenda. Hakupiga kelele. Aliingia ukutani akakaa kwenye lile jiwe bapa, akaweka mkono juu ya shina, akakaa hivyo mpaka chai aliyoileta Wasima ikapoa mara mbili. Kisha akainuka akazunguka upande wa mizizi. Mtu yule amefanya kazi moja miaka ishirini na miwili. Alitazama mara moja tu.

"Mizizi ya Ajmani hii."

Akaigusa duru moja kwa kidole.

"Thani. Ulimnywesha?"

"Nilimnywesha, kaka."

"Siku ngapi?"

"Zote."

Nilingoja matusi. Ningelipa chochote kupata matusi. Kaka alikuja akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu kipajini, akasema, "Ulimhurumia binti yangu. Basi. Hata mimi ningekuwepo nisingeweza kumwangalia ana kiu. Mungu akulipe, mdogo wangu. Ulimlea kuliko baba yake."

Hapo ndipo nilipovunjika. Lawama ningeibeba, shukrani ile sikuiweza. Ilikuwa si yangu, na alikuwa ananimiminia palepale shinani. Nikasema, "Kaka, kaa chini."

Akakaa. Nikamwambia. Mstari wa mawe, kesho, siku ya thelathini na tano, kamba ya asali, miche miwili, kisu. Nilisema nikiangalia birika, ambalo lilikuwa limebaki pembeni ya ukuta, limebonyea.

Akauliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mbuzi gani?"

Hilo sikulitarajia. Ningeweza kusema jina lolote, tulikuwa na mbuzi arobaini. Lakini nilikuwa nimeshachoka.

"Fitina."

Niliona lilivyomwingia. Macho yake yalikwenda mbali, yakarudi kwenye mikono yake, kwenye vidole vyake. "Yule tuliyemla," akasema. "Kwenye msiba wa mama. Ulinipa ini."

"Kaka..."

"Ulinipa ini, Thani. Nikaramba vidole."

Akainuka akaenda nyuma ya ukuta, nikamsikia akitapika. Wasima akatoka na maji, kaka akamwinulia mkono kumzuia, hakuyachukua.

Aliporudi alitaka kuuona ule mwingine. Tulitembea mpaka ukingoni mwa bonde, yeye mbele, na nikamwonyesha kwa kidole. Ulikuwepo. Kila kitu kuzunguka bonde kimelala, na ule, mwembamba vilevile, umeinamia vilevile, umesimama ufani mwake. Shina moja, hauna panda. Ukungu ulikuwa unapita, na majani yake yalikuwa yanachuruzika. Pembeni yake, upande wa kulia, pale nilipochokoa kwa kisu, ufa ulikuwa wazi.

"Huu?" akauliza.

"Huo."

"Umewahi kuupa maji?"

"Kamwe."

Akautazama sana. Nilisema, Mungu anisamehe, nilisema kwa unyonge, "Ni damu moja, kaka. Ni ndugu yake. Ukitaka tunaweza kusema..."

"Ndugu ya nani?" akasema. "Ule ulikuwa mti, Thani. Wewe ulikuwa unaniambia tangu mwanzo, mimi ndiye sikusikia. Ulikuwa mti tu, na huu nao ni mti." Akageuka. "Binti yangu alikufa ana miezi minane. Nilikuwa nimesahau."

Sikujua neno moja dogo linaweza kumuua mtu mara ya pili. Miaka ishirini na miwili alikuwa akisema *yeye*, nami nikimpinga kimoyomoyo. Siku aliyosema *ule* ningetoa macho yangu ili arudi kusema *yeye*.

Alikaa siku tatu zaidi. Alikuwa mpole, alikula alichopewa, alitengeneza paa la jikoni pamoja nami. Ile panda aliikata kwa msumeno akaitia motoni pamoja na kuni nyingine. Katika chumba nilichomwandalia alilala lakini begi hakulifungua. Asubuhi ya nne gari la kwenda mjini Hadibo likaja. Aliwaaga watoto pua kwa pua, kila mmoja. Akaja kwangu. Nilisogeza uso wangu. Akanyoosha mkono.

Nikaupokea. Ni mkono tu, kila siku watu wanapeana, mnada wa mbuzi, msikitini, barabarani kwa mgeni. Kwake ulikuwa mkavu na mgumu, mkono wa mtu wa mipira ya maji. Akasema, "Haya, Thani," akapanda gari.

Hajakata undugu. Kaka yangu ni mtu wa haki. Kila Ijumaa napanda kilima na simu inalia, na anauliza kama zamani, kwa mpangilio ule ule. Wasima hajambo? Hajambo, kaka. Watoto? Hawajambo. Mbuzi je? Hawajambo.

Kisha ananyamaza. Si sana, kiasi cha kutamka jina fupi. Nami nangoja, kila Ijumaa nangoja, simu nimeikandamiza sikioni, na magari ya Ajmani yanapita.

"Haya, Thani," anasema, na kukata.